Mvua Iliyokuwa Kalibu

Nyinyi mnaoangalia mvua kwenye simu, hebu zitieni mifukoni kidogo mnisikilize. Sina ugomvi na simu. Nami ninayo, na nikiifungua inanionyesha kijua kimoja na kiwingu kimoja, halafu chini imeandikwa Ngara. Ngara! Ngara ipi? Nimefyatua matofali kwenye vilima na mabonde ya wilaya hii na ya majirani zetu wa Biharamulo mpaka mgongo ukaniambia mzee, inatosha. Nawaapia, kiangazi kinapokaribia kuisha, mwezi wa nane ukishampisha wa tisa, hakuna Ngara moja. Kila kilima kinaamka na hasira zake.

Nyakisasa utaamka na ukungu mpaka huoni miguu yako, baridi inauma masikio, na saa sita jua linakuchoma hadi unavua shati. Teremka Kasulo siku hiyohiyo, utakuta upepo na vumbi, watu wamefumba macho nusu. Endelea na barabara mpaka Nyakanazi, huko ni joto kama umekaa ndani ya chungu motoni, na mvua yao haina adabu kabisa. Nitaifikia hiyo. Nilifundishwa adabu nayo, mimi fundi mzima.

Mnajua kwa nini fundi matofali anaujali huo mwezi wa tisa? Tofali bichi ni tope lililovalishwa sura tu. Umelifyatua, umelianika, limekauka, linapendeza. Lakini halijapita motoni. Mvua ya nusu saa ikilikuta, linarudi kuwa tope, tena tope lisilo na shukrani. Kiangazi chote unakimbizana na siku ya kupanga tanuri na kuwasha moto. Ukichelewa wiki moja, mwenye nyumba anasubiri mwaka.

Siku hizi najua mna mashine, unabana mkono wa chuma, tofali linatoka limekwisha kushikana na saruji, kuni hamna. Vizuri sana. Miti yetu imepumua. Mimi nawasifu, sina kijicho. Ila mashine haikuambii wingu linatoka upande gani.

Mara ya kwanza kupewa kazi peke yangu ilikuwa Kasulo, kwa katekista mmoja aliyetaka jiko la matofali. Nikafyatua mia nane kwa mbwembwe, nikayaanika juani bila hata jani moja juu yake. Si kiangazi? Si jua ndilo tunalolitaka? Jumapili nikaenda misa, nikaimba kwa sauti, nikarudi. Upepo wa Kasulo ulikuwa umepita. Matofali yote yamepasuka kama visigino vyangu hivi. Katekista akaokota moja, likamgawanyikia mkononi, akaniangalia kwa huruma akasema, "Fundi, umetufyatulia biskuti." Mpaka leo nikipita kule kuna wazee wananiita Biskuti. Kwa hiyo shikeni hili: tofali halitaki jua, linataka kukauka. Ni vitu viwili. Penye upepo mkali, lifunike nyasi siku tatu za mwanzo likauke polepole, toka ndani kuja nje. Penye ukungu, kama kwetu, lifunue mapema na ulisimamishe kwa ubavu lipate hewa.

Hayo alinifundisha Mzee Gervas wa Nyakisasa, Mungu amlaze mahali pema. Mtu mfupi, mkali, mikono imekauka udongo hata siku ya sikukuu. Kupima tofali alikuwa haamini sura ya nje. Alivunja moja kati ya mia, akatazama moyo wake. Moyo ukiwa mweusi, bado lina maji, ukilichoma litapasuka kama mahindi. Moyo ukiwa na rangi moja na ngozi, haya, washa moto. Akaniambia nisimwamini mwenye kazi anayesema yamekauka, wala nisijiamini mwenyewe nikiwa na haraka.

Lakini vita vyangu na Mzee Gervas vilikuwa vya ulimi. Mnajua kile kisanduku cha mbao tunachoshindilia tope ndani ili litoke tofali? Kinaitwa kalibu. Sasa sisi Wahangaza na hiyo L hatukuzaliwa pamoja. Nikawa nasema, "Mzee, niletee karibu." Basi anaweka jembe chini, ananipa mkono, anasema, "Asante, nimekaribia. Habari za nyumbani?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kila nikikosea, ndoo moja ya maji toka bondeni. "Karibu ni ya mgeni," ananiambia, "kalibu ni ya fundi. Usinichanganyie mgeni na chombo." Nimebeba ndoo nyingi, jamani! Nimepanda kile kilima mpaka ulimi ukanyooka. Baada ya hapo mtu akisema kalibu, hata nikiwa nimesinzia, mkono wangu unatafuta mbao.

Siku ya kuagana akanipa kalibu yake mwenyewe, ya mninga, imelainika kwa mikono yake, tope halishiki hata ukisahau kuilowesha. Akanipa na kanuni yake ya mvua. Saa nane mchana geuka utazame magharibi, kule vilima vya Burundi. Ukiona wingu limeinama, funika matofali. Usipoliona, lala usingizi. Na asubuhi usiogope kitu, maana mvua ya asubuhi haipo, ni ukungu tu unajisumbua. Kanuni hiyo haikunitupa hata siku moja. Kwetu.

Sasa twende Nyakanazi.

Nilipata kazi pale kwa Mama Kulwa. Njia panda yote ya Nyakanazi ilimjua, kwa sababu madereva wa malori wakishuka kupumzika walikuwa wanakimbilia kwenye kibanda chake: ugali, maharage, nyama ya kukaanga, na maneno. Mwanamke mnene wa sauti, mjane, Msukuma, anacheka kabla hujamaliza kichekesho. Ila nyumbani kwake hapakuchekesha. Alikuwa anakaa na mapacha wake, Kulwa na Doto, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Kabula, katika nyumba ya fito na tope. Masika yaliyopita ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeanguka, wakaziba kwa magunia. Paa lilikuwa linavuja kila mahali, na Bibi alikuwa amekohoa miezi miwili. Mama Kulwa akanionyesha yale magunia, safari hii hakucheka, akasema, "Fundi, mama yangu hawezi masika mengine humu. Mvua zikianza sijachoma matofali, basi tena. Umenielewa?"

Nikasema, "Mama, mimi ni mwanafunzi wa Gervas wa Nyakisasa." Yeye Gervas hamjui hata kwa jina, lakini nilivyolisema akaridhika.

Nikafyatua elfu nne. Udongo wa kichuguu, mzuri ajabu, unanyooka kama unga wa chapati. Nilianikia kwenye uwanda mdogo bondeni, nyuma ya miti, nyumba iko juu kidogo. Yakakauka. Nikavunja moja, moyo safi. Kesho yake ilikuwa siku ya kupanga tanuri, kwa hiyo jioni nikaondoa nyasi zote juu ya matofali, nikazirundika pembeni, nikaona kazi imekwisha.

Bibi Kabula alikuwa amekuja kuangalia, na fimbo yake. Akanusa hewa. Ilikuwa siku ya joto la ajabu, hata mbwa hawakubweka. Akasema, "Fundi, usifunue. Ziwa linapumua."

"Bibi," nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu anayejua, "mvua huwa inatoka magharibi, tena mchana. Nimetazama. Hakuna kitu."

"Hiyo ni mvua ya kwenu," akasema Bibi. "Ya kwetu inatoka kule." Akaonyesha mashariki, upande wa ziwa. "Tena inakuja watu wakinywa uji."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Mtu mwenyewe anaitwa Kabula, na kwa Kisukuma ndiyo maana yake, mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Mtu kazaliwa na mvua, mimi wa kuja namfundisha mvua. Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hawakusema mawingu ya upande gani, nami sikujisumbua kuuliza.

Asubuhi nikaamka kalibu haionekani. Nilikuwa naitaka niifungashe na vyombo vyangu, maana kufyatua kumekwisha. Nikaenda kibandani kwa Mama Kulwa, nikakaa kwenye benchi, nikanywa chai huku naulizia. "Jamani, nani kaona kalibu yangu?" Madereva wakatikisa vichwa. Mama Kulwa akatikisa kichwa. Nikauliza mpaka mpika chapati wa kibanda cha jirani. Mji mzima ukajua fundi kapotelewa na kalibu, na Bibi Kabula naye akapata habari kwa wajukuu. Nikarudi bondeni nimenuna, nikaanza kusogeza kuni za tanuri.

Ndipo nikasikia sauti ya Bibi kutoka juu, nyumbani. Amesimama kando ya ukuta wa magunia, anapunga fimbo.

"Fundiii! Iko kalibu! Iko kalibuuu!"

Lo, nilifurahi! Nikasema Mungu ni mwema, imepatikana. Nikampungia mkono, nikaendelea kupanga kuni mbili tatu, haraka ya nini, kalibu si imeshaonekana? Akaita tena, sasa kwa ukali: "Fundi! Nakwambia iko kalibu! Unangoja nini?" Nikasema bibi huyu ana bidii kweli kwa kisanduku cha mbao. Nikapandisha kilima taratibu, nimeweka mikono nyuma.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini huku?"

"Si umesema kalibu iko?"

"Iko kalibu ndiyo! Iko kalibu sana!"

"Iko wapi?"

"Ile pale!" Akanyoosha fimbo juu, nyuma ya nyumba.

Nikatazama juu ya paa. Wallahi nilitazama juu ya paa, nikidhani watoto wameitupia huko. Nikajinyoosha kwa ncha za vidole. "Siioni, Bibi."

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema Bibi, sasa anasema polepole kama anaongea na mgonjwa, "we hulioni wingu lile lote?"

Nikainua macho juu ya paa. Yesu na Maria! Mashariki yote ilikuwa nyeusi kama sufuria ya pilau ya harusi. Na ule upepo wa baridi, unaokuja mbele ya mvua ukinuka udongo, ukanipiga usoni hapohapo. Bibi hakuwa anasema habari ya chombo. Alikuwa anasema mvua iko karibu, kwa ulimi wa kwao, kama alivyolisema neno hilo tangu utotoni. Na mimi, kwa zile ndoo zote za Mzee Gervas, nilikuwa nimejifunza L sawasawa mpaka nikaacha kusikia watu.

Elfu nne chini, wazi, bila jani! Niliona yale magunia ukutani karibu na bega langu, nikasikia Bibi akikohoa kwa vile alivyopiga kelele, nikajua ni nani atakayelala tena humu kwa ajili ya kicheko changu cha jana. Sijawahi kujiona mpumbavu kiasi kile, na nimewahi kuitwa Biskuti.

Nyasi peke yake zisingetosha, na mtu mmoja asingezirudisha kwa wakati. Nikakimbia njia panda. Nikaingia kibandani nahema, nikasema neno moja tu, "Mvua!" Mama Kulwa akaniangalia, akatoka nje, akaangalia mashariki, akarudi ndani. Hakuniuliza kwa nini niliyafunua. Alipanda juu ya benchi, mwiko mkononi, mbele ya madereva wote, akasema:

"Aliyewahi kula ugali wangu, avue turubai la lori lake!"

Kijana mmoja dereva akasema, "Mama, hili turubai ni la tajiri."

"Tajiri wako yuko Dar es Salaam," akasema Mama Kulwa. "Mvua iko hapa."

Basi! Wakacheka, na walivyocheka tu wakawa wameinuka. Wenye malori matupu wakaanza kufungua kamba. Wenye mizigo hawakuweza kuyavua yao, lakini wakaja na mikono. Wauza mahindi ya kuchoma, wapiga debe, mpika chapati na unga wake mikononi, wote wanateremka bondeni wamebeba turubai mabegani, wakiimba ule wimbo wa kuvuta gogo. Matone ya kwanza yakawa yanatupiga, makubwa, ya baridi, yanaacha alama kwenye matofali kama vidole vya mtoto kwenye ugali. Tukatandaza la kwanza. La pili. La tatu likajaa upepo likataka kuruka na watu wake. "Kalieni! Kalieni!" nikapiga kelele. Watu wakalikalia pembe zote. Bibi Kabula akaja na fimbo yake, akachagua pembe iliyobaki, akaketi. Nikamwambia, "Bibi, rudi nyumbani, utalowa." Akasema, "Nyumbani ndiko kunakolowa."

Ikaja na mvua ya mawe. Mama Kulwa akajifunika sinia kichwani, mawe yanalia juu yake, ta-ta-ta-ta, naye anacheka kwa sauti ile, na mmoja akicheka wa pili anaambukizwa. Watu thelathini wamekalia turubai bondeni, wanapigwa na mawe ya barafu, wanacheka kama wendawazimu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na mvua ikanistiri.

Nusu saa, ikaondoka ilivyokuja. Jua likatoka kali, bila aibu. Madereva wakataka kukaa wapumzike, nikasema hapana, vueni turubai sasa hivi! Shikeni na hili: mvua ikikatika usiache tofali chini ya turubai juani, mvuke utalipasua. Tukafunua. Safu mbili za pembeni zilikuwa uji mtupu. Zilizobaki zote zilikuwa nzima, kavu, zinaniangalia. Nikavunja moja mbele ya watu, nikawaonyesha moyo wake. Wakapiga makofi, kwa tofali! Sijapigiwa makofi tena mpaka leo.

Na kalibu? Tulipopanda kibandani kunywa chai ya moto, benchi langu la asubuhi likayumba. Lilikuwa na mguu mbovu, na kitu ambacho mtu alikuwa ameuwekea chini kilikuwa kimesogea. Nikainama. Mninga. Nilikuwa nimeikalia asubuhi nzima nikiwauliza watu wameiona wapi. Mama Kulwa akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, na ndipo nikajua ni nani aliyeiweka.

Siku hiyohiyo tukaanza kupanga tanuri, na wale madereva waliokuwa hawana safari wakasaidia kupokezana matofali mkono kwa mkono. Moto ukashika. Matofali yakatoka mekundu, ukigonga moja linalia kama kengele ya kanisa. Mwashi akapandisha kuta, bati likapigiliwa, na mvua zenyewe zilikuwa bado zinazungukazunguka ziwani. Tangu hapo, kila nilipopelekwa kazi mahali pageni, kabla ya kushika jembe nilimtafuta bibi mzee kuliko wote wa pale, nikamsalimia, nikamuuliza mvua ya kwao inatoka wapi. Halafu nilimwomba neno lile alirudie mara mbili.

Nilipita tena Nyakanazi wakati mvua zimeshika kweli. Nikafikia kwa Mama Kulwa mchana, wingu limekwisha kufunga, nikakaribishwa ndani ya nyumba mpya pamoja na Bibi na mapacha. Matone yalipoanza kugonga bati, Mama Kulwa akainuka, akachukua sufuria, mabeseni, ndoo, akaviweka sakafuni, kimoja hapa, kimoja pale, kama mikono yake ilivyozoea. Akaketi. Mvua ikanyesha kwa nguvu, tukawa tunaongea kwa kupigiana kelele. Baada ya muda nikamwona anaangalia vyombo. Akainuka akachungulia beseni la kwanza. Akachungulia la pili. Akaingiza mkono ndani ya sufuria kubwa, akapapasa mle ndani, akautoa, akautazama mkono wake mkavu. Akaketi palepale sakafuni katikati ya vile vyombo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Bibi Kabula, asiyekohoa, akamwambia, "Haya, si umeshatoa sufuria? Tupikie."